Kima na Papa: Jinsi ya Kuchungua Hadithi za Watoto

Watu wengi hudhani ya kuwa hadithi za watoto ni mchezo tu, maneno ya kupitishia jioni mpaka wali uive. Lakini hadithi ni kama chombo cha baharini: ina bandari ilikotoka, ina shehena yake, na katika kila pwani inakotia nanga huongezwa kitu na kupunguzwa kitu. Basi na tuchukue hadithi moja, tuichungue.

Papa alifanya urafiki na kima. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioota kando ya maji ya kina, na kila siku alimtupia papa matunda. Siku moja papa akamwalika kwake, akampakia mgongoni. Walipokuwa katikati ya safari, papa akasema kweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia. Alijibu kwamba angaliambiwa mapema angaliuchukua, maana kima wote huacha mioyo yao mitini wakienda safari. Papa akasadiki, akamrudisha. Kima akaruka juu ya mti, asishuke tena. Papa alipomwita, akajibiwa kwa kisa kingine, cha punda wa dobi, aliyeponea chupuchupu makuchani mwa simba, kisha akakubali kurudishwa kule kule mara ya pili, akafa. Maana yake: mimi si punda wa dobi.

Hadithi hiyo ilisimuliwa Unguja, ikaandikwa na Edward Steere, padre Mwingereza aliyefika huko mwaka 1864, naye baadaye, mwaka 1874, akafanywa askofu. Kitabu chake kilipigwa chapa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Swali la kwanza la mchunguzi ni hili: hadithi imetoka wapi? Katika kitabu cha kale cha Bara Hindi kiitwacho Panchatantra, kima yumo, lakini rafiki yake ni mamba, na mti ni mzambarau. Katika karne ya nane Ibn al-Muqaffa aliziandika hadithi za namna hiyo kwa Kiarabu, katika kitabu cha Kalila wa Dimna. Humo rafiki ni kobe. Kwetu pwani amekuwa papa, kwa kuwa papa ndiye ajulikanaye na wavuvi wetu. Tena tazameni jambo kubwa zaidi. Kule Bara Hindi atakaye moyo ni mke wa mamba. Kwetu ni sultani. Basi papa wetu si mume aliyeshindwa na mkewe, bali ni raia aliyepewa amri, naye akachagua amri kuliko urafiki. Badiliko moja dogo, na hadithi imekuwa na funzo jingine.

Swali la pili: nani aliyeiandika, naye alibadili nini? Huko Ujerumani ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa kitabu chao cha hadithi mwaka 1812. Humo yumo binti mweupe kama theluji, ambaye mama yake mwenyewe alitaka auawe kwa sababu ya wivu. Kitabu kilipotolewa tena mwaka 1819, yule mama amegeuzwa kuwa mama wa kambo. Ndugu hao waliona haifai mtoto asome ya kuwa mama aliyemzaa aweza kumwua. Lakini fikirini: mama wa kambo wangapi wema wamechukiwa na watoto kwa ajili ya badiliko hilo? Mwandishi wa watoto ana mzigo mzito mkononi mwake.

Swali la tatu ni la picha. Mwaka 1901 George Bateman alitoa hadithi za Unguja kwa Kiingereza mjini Chicago, na picha zake zilichorwa na Walter Bobbett. Picha si pambo tu. Maneno yakisema, “Kima alipanda mgongoni,” na picha ikaonyesha meno ya papa, msomaji amekwisha kujua hatari asiyoijua kima. Yafaa basi kusoma picha kama tusomavyo maneno, na kuuliza inasema nini ambacho maneno yamekificha.

Hapa Dar es Salaam picha zetu wenyewe zina historia yake. Mwaka 1968 hivi Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa upande wa Msasani, katika Kinondoni. Alifariki mwaka 1972, lakini namna yake ya kuchora haikufa. Na mwaka 1991 ulianzishwa mjini Mradi wa Vitabu vya Watoto, ili watoto wa Tanzania wapate vitabu vya Kiswahili vyenye watu na nyumba wanazozijua.

Hata hivyo, hadithi zilizo vitabuni ni chache kuliko zilizo vinywani. Temeke na Kinondoni ni mahali walipokutana watu wa makabila mengi: Wazaramo, Wandengereko, Wamakonde na wengine. Katika ua mmoja wa Mbagala waweza kuwamo mabibi watatu, kila mmoja na hadithi za kwao. Bibi akifa kabla ya kuulizwa, hadithi zake huzikwa pamoja naye, wala hakuna duka liuzalo nyingine kama hizo.

Basi leo jioni mwendee bibi au babu, umwamkie kwa adabu, umwambie akusimulie. Andika kama alivyosema, usirekebishe neno. Kisha andika jina lake chini. Watu waliomsimulia Steere hawakumbukwi na wengi, bali jina la mwandishi lajulikana. Wewe usimfanyie bibi yako hivyo.

Maswali
1. Kwa nini kima alisimulia kisa cha punda wa dobi?
2. Badiliko la mke kuwa sultani limegeuzaje funzo la hadithi?
3. Je, ndugu wa Grimm walifanya vema kumgeuza mama? Toa sababu zako.
4. Chora papa na kima katikati ya bahari. Picha yako inasema nini ambacho maneno hayakusema?