Samli ya Nyirinyiri na Mishipa Yetu

Jamaa zetu wa Bura, ng'ambo ya mto Tana, huikausha nyama ya ngamia, wakaikaanga, kisha wakaizamisha katika samli. Nyirinyiri hiyo hukaa miezi, kwani mafuta huizuia hewa isiifikie. Hatuyalaumu mafuta: ndiyo yanayojenga kuta za chembe za mwili na kubeba vitamini A na D. Ila mchungaji aliyala akatembea kutwa nyuma ya ngamia. Sisi tuliohamia mjini twakaa barazani, na kijiko ni kile kile. Samli ikizidi huongeza kolesteroli ya damu, nayo hujikusanya mishipani pasi na maumivu, hata siku ya kiharusi. Kipimo chake ni damu kidogo tu. Wazee wetu wapelekwe wakapimwe, na futari ya nyumbani ipikwe kwa mafuta ya simsim, yasiyoganda.