Mstari Usiokatika: Sona, Karatasi na Vakansi ya Kiangazi Dilolo

Kiangazi kikishika Dilolo, mvua hukoma, nyasi hukauka na mchanga wa njiani huwa mwepesi kama unga. Shule hufungwa mwanzoni mwa Julai, na watoto hawarudi darasani hadi Septemba. Katika miezi hiyo ya vakansi, wenye mikono isiyotulia hukusanya maboksi, madaftari yaliyojaa na mifuko mitupu ya simenti, wakaunda magari, nyumba, tiara na treni. Kazi yangu ni karatasi, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi ni moja: watoto wapate wapi michoro mizuri ya kuiga? Huwajibu kwamba michoro bora tunaikanyaga kila siku. Imo kwenye mchanga, na jina lake ni sona.

Sona ni wingi. Mchoro mmoja huitwa lusona. Ni urithi wa Wachokwe, na majirani zao Walunda, Waluvale na Waluchazi wanaushiriki, katika eneo linaloanzia mashariki ya Angola na kufika kaskazini magharibi ya Zambia na huku kwetu kusini ya Kongo. Jioni kando ya moto, au mchana chini ya mti wenye kivuli, mzee hufagia mahali kwa kiganja. Kwa ncha za vidole hudidimiza nukta kwa safu, akihamisha mkono kwa kipimo kilekile ili nafasi zibaki sawa. Kisha huanza kusimulia, na kidole kinatembea kati ya nukta bila kuinuliwa. Fundi hasiti. Kusita katikati ya mstari ni kasoro, na watazamaji wanaiona mara moja. Simulizi ikiisha, mchoro nao umefungika, na punde upepo au nyayo za watu zinaufuta.

Simulizi na mchoro haviachani. Uko mchoro mmoja mashuhuri ambao juu yake yuko Mungu, chini yuko mwanadamu, upande mmoja jua na upande wa pili mwezi. Inasimuliwa kwamba jua lilimtembelea Mungu, likapewa jogoo kwa chakula cha jioni. Halikumla. Alfajiri jogoo akawika, na jua likaambiwa lirudi kila asubuhi. Mwezi nao ulimhifadhi jogoo wake, ukaagizwa urudi kila baada ya siku 28. Mwanadamu alifika na njaa, akamchinja wake, akamla, akalala hadi jua likawa juu. Akaambiwa kwamba kwa kuwa amemuua jogoo, naye atakufa, ila akifa atarudi kwa Mungu. Mtoto akiufuata mstari huo kwa kidole, anaipita safari yote ya kifo na uhai kwa mkono wake mwenyewe. Somo la namna hiyo halisahauliki.

Sasa tuangalie ufundi wenyewe, kwa sababu ndani yake kuna hesabu iliyowashangaza wataalamu. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuchambua sona na kuandika vitabu juu yake. Alitegemea pia michoro iliyokusanywa na Mário Fontinha kaskazini mashariki ya Angola, ambayo ilichapishwa mwaka 1983. Chukua aina iliyo rahisi zaidi, ile inayofanana na mkeka uliosukwa. Panga nukta safu 3, kila safu nukta 4. Anzia ukingoni, pita mshazari katikati ya nukta, na kila ukifika ukingo geuka kama mpira uliogonga ukuta. Usiinue kalamu. Mstari utazizunguka nukta zote 12 na kurudi pale ulipoanzia. Ili kujua kama umepatia, hesabu mahali mstari unapojikata: kati ya kila nukta mbili zinazopakana, kwa ubavu au kwa juu na chini, pawe na makutano moja. Jumla ni 17. Yakipungua, mahali fulani umepotea njia.

Jaribu sasa safu 3 zenye nukta 3. Mstari utafunga mapema na kuacha nafasi nyingi hazijapitwa. Utahitaji mistari mitatu kuumaliza mchoro. Safu 4 zenye nukta 6 zinahitaji mistari miwili. Safu 5 zenye nukta 6 zinamalizwa na mmoja. Kanuni ni hii: idadi ya mistari ni kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili, kile ambacho wanafunzi wetu hukijua shuleni kwa herufi PGCD. Sababu yake si ngumu. Mstari wa mshazari ni kama msafiri anayehesabu safu za kulala na za kusimama kwa wakati mmoja. Hafiki nyumbani mpaka hesabu zote mbili ziishe pamoja. Kwa 3 na 4 hesabu hizo hukutana kwenye 12, na nukta zote zinakuwa zimezungukwa. Kwa 3 na 3 hukutana kwenye 3, na msafiri anarudi nyumbani kabla hajatembea kijiji kizima. Mtoto aliyechoka na PGCD ubaoni ataielewa kwa mchoro huu katika alasiri moja.

Tuje kwenye karatasi. Ile ya mfuko wa simenti ni imara kwa sababu nyuzi zake ni ndefu. Kwa kawaida mfuko una tabaka zaidi ya moja: tupa tabaka lililogusana na simenti, kung'uta mengine nje ya nyumba, upanguse vumbi kwa kitambaa, halafu unawe mikono, maana vumbi la simenti huchoma ngozi na macho. Kisha tafuta mwelekeo wa nyuzi. Chana kipande kidogo kwa urefu, kingine kwa upana. Upande unaochanika ulionyooka ndiko nyuzi zinakoelekea. Kunja kwa kufuata upande huo, na mkunjo hautapasuka. Gundi haihitaji kununuliwa. Koroga vijiko viwili vya unga laini wa muhogo katika kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha. Ule weupe ukigeuka kung'aa, epua. Kiangazi hewa ni kavu na gundi hukauka haraka, kwa hiyo karatasi iliyopakwa upande mmoja hujikunja. Ilaze chini ya kitabu kizito usiku kucha.

Anza kwa kumwaga mchanga uliochekechwa kwenye kifuniko cha boksi, ili mtoto aufanyie mazoezi mstari kwa kidole hadi asisite tena. Baada ya hapo weka karatasi tatu au nne pamoja, pima nukta kwa nafasi ya sentimita 2, na uzitoboe zote kwa sindano mara moja. Kila mmoja nyumbani atapata karatasi yenye nukta zilezile. Chora kwa kalamu ya risasi, paka gundi juu ya mstari, ulaze uzi wa rangi. Kwa mchoro wa 3 kwa 4, mstari wote una urefu wa karibu sentimita 68. Kata uzi wa sentimita 75, uulaze bila kuukata njiani, upunguze ziada, na mwisho wake utakutana na mwanzo. Nimewaona watu wazima wakinyamaza kabisa dakika hiyo ncha mbili zinapogusana.

Asiseme mtu kwamba karatasi ni mchezo wa kigeni au wa watoto tu. Katika makumbusho ya dunia kuna vinyago vya Wachokwe vilivyoundwa kwa vijiti, kitambaa cha magome na utomvu, vikapambwa kwa vipande vya karatasi. Na Bodys Isek Kingelez, Mkongomani aliyezaliwa mwaka 1948, aliijenga miji yake ya ndoto kwa karatasi, katoni na vifungashio vya bidhaa. Mwaka 2018 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilimfanyia maonyesho makubwa, miaka mitatu baada ya kifo chake. Alianza na mkasi na gundi, kama mtoto yeyote wa kwetu.

Hata hivyo kuna mpaka wa heshima. Sona nyingi zilifundishwa katika mukanda, kambi ya jando, na vinyago vya makishi, wachezaji wa jando hilo, vina wenyewe. Kabla ya kunakili, uliza. Mzee akisema mchoro huu haufai kutolewa nje, uache mchangani.

Wikiendi zitumike kwa matembezi yenye kazi ndani yake. Jumamosi moja nenda na watoto stesheni, wachore mabehewa wanayotaka kuyaunda, uwaeleze kwamba mwaka 1931 reli iliyotoka bahari ya Atlantiki, bandari ya Lobito, iliungana na reli ya Katanga ikipitia hapa Dilolo. Jumamosi inayofuata nenda kijijini kwa mzee anayejua sona. Beba sukari au chumvi kama heshima ya mgeni, na katoni iliyokwisha kutobolewa nukta. Mwombe achore kwanza mchangani, atakavyo yeye, huku akisimulia. Akimaliza, hamishia mchoro kwenye katoni mbele yake ili akusahihishe. Nyuma ya katoni andika jina la mchoro kwa lugha yake, kisa chake kwa ufupi, na tarehe. Jina la mzee pia, kama ameridhia.

Mwezi Desemba mwaka 2023, UNESCO iliiandika sona katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Angola. Mpaka wa Angola uko jirani kabisa na mji wetu, na wazee wa pande zote mbili wanachora mistari ileile. Ombi langu kwa kila mzazi na mwalimu wa Dilolo, Sandoa na Kolwezi ni hili: vakansi hii isiishe kabla kila nyumba haijapata katoni moja yenye lusona mmoja na kisa chake. Mvua za Septemba zikianza, mchanga utalowa na wazee wataingia ndani.