MATEGE YA KURITHI: SABABU GANI MIGUU INABAKI MIFUPI

Ku biolojia tulifunzwa kama matege, ni kusema rashitisimu, inatoka ku kukosa vitamini D. Ni kweli, lakini si yote. Iko matege ingine yenye kurithiwa: mtoto anakula muzuri, anacheza ku jua kila siku, na miguu inapinda tu. Ile yenye kujulikana zaidi inapata karibu mtu 1 kati ya 20 000. Munganga Fuller Albright wa Marekani na wenzake waliandika juu yake mwaka 1937, kisha kuona mgonjwa ambaye vitamini D ya kawaida haikumsaidia.

Mwaka 1995 wataalamu walivumbua jeni yenyewe, PHEX, ku kromozomu X. Ikiharibika, homoni FGF23 inazidi kipimo, na figo zinatupa fosfati ku mikojo. Bila fosfati mfupa unabaki laini.

Sasa tuangalie vipimo. Kwa mtoto mchanga, toka matako mpaka kichwa ni karibu thuluthi mbili ya urefu wote. Kwa mtu mzima ni kupita nusu kidogo tu. Maana yake katika utoto miguu ndiyo inakimbia, zaidi karibu na magoti, na ugonjwa unapiga pale pale penye mbio. Mtoto anazaliwa na urefu wa kawaida. Akianza kutembea, uzito unalemea mifupa laini, miguu inapinda, anabaki nyuma. Akikaa ku kiti utasema analingana na wenzake. Akisimama ndipo unashangaa. Kwa hiyo munganga anapima mara mbili, mtoto amesimama na mtoto amekaa.

Kwetu watu wanakimbilia kusema mama alimunyima mtoto maziwa, ao shangazi alimroga. Ndoa zinavunjika bure! Baba mgonjwa anapitisha ugonjwa kwa binti zake wote, wana wake hapana, kwani mwana anapokea X ya mama. Mama mgonjwa, kwa kila mtoto ni nusu kwa nusu. Pengine hakuna mzazi mgonjwa hata mmoja: jeni imebadilika mara ya kwanza kwa yule mtoto.

Dawa ziko: fosfati ya kunywa mara nyingi kwa siku, pamoja na vitamini D ya namna ya pekee, ambayo imekwisha kuwa tayari kwa kazi. Toka mwaka 2018 iko pia sindano ya burosumab yenye kuzuia FGF23, lakini bei yake ni kali sana. Zikianzwa mapema, miguu inanyooka na urefu unaongezeka, ijapokuwa wengi wanabaki wafupi. Meno nayo yaangaliwe, kwani usaha unaweza kutokea ku jino lisilo na tundu.