Mizigo ya michezo isikae kiti kimoja na mtoto

Jumamosi saa moja asubuhi, foleni ya Kariakoo bado haijakolea. Gari dogo aina ya Toyota Premio linasimama nje ya JMK Park, kituo cha michezo cha vijana kilichopo Kidongo Chekundu, Gerezani. Kiti cha nyuma wanashuka watoto wanne. Mmoja alikuwa amepakata mfuko wa mipira. Mwingine alibanwa na vyuma vya goli dogo vilivyopitishwa katikati ya viti hadi karibu na usukani. Buti limejaa jezi, viatu, koni na dumu la maji.

Ni picha inayojirudia kila wikiendi kwenye viwanja vya jijini. Mzazi aliyejitolea kubebea timu ya mtaa vifaa vyake hufika mahali akajiuliza: kwa nini gari hili lisifungwe chuma nyuma, likavuta tela dogo? Mafundi wa kuchomelea wako hapohapo Gerezani.

Swali ni zuri, kwa sababu mizigo ikikaa pamoja na watoto huwa ni hatari.

Begi linapogeuka jiwe

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu, husimama ghafla. Kilichomo ndani bila kufungwa huendelea mbele kwa mwendo uleule. Begi la kilo 10 kwa mwendo huo hugonga kama lililoangushwa kutoka urefu wa mita 10, karibu ghorofa ya tatu. Linayempiga ni mtoto au dereva.

Hatari ya pili ni mikanda. Mizigo ikichukua nafasi, watoto hubanana na wawili huvishwa mkanda mmoja. Gari likigonga, miili yao hugongana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja ajali za barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Wapo wanaoacha buti wazi na kulifunga kwa kamba ili vyuma virefu vitokeze nje. Gari likitembea hivyo, moshi wa ekzosi huvutwa kurudi ndani. Moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtoto akilalamika kichwa kinauma, anasikia kichefuchefu au anasinzia kusiko kawaida, simamisha gari na mtoe kwenye hewa safi mara moja, kisha apelekwe hospitali.

Kabla ya kumlipa fundi

Gari dogo halina chesisi nzito kama ya pikapu. Bodi lenyewe ndilo linalobeba kila kitu. Kwa hiyo chuma cha kuvutia tela hakifungwi kwenye bampa wala kuchomelewa kwenye bati la buti. Hufungwa kwa bolti kwenye sehemu imara za chini, kikiwa kimetengenezwa kwa ajili ya aina hiyo ya gari.

Ile pete ndogo iliyopo chini ya magari mengi isikudanganye. Ni ya kuvutia gari lililokwama, si ya tela.

Anza na kitabu cha gari. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na kitabu cha Kijapani, lakini ukurasa wa uzito wa kuvuta unaweza kutafsiriwa kwa simu. Kama mtengenezaji amesema gari lisivute tela, mjadala umeishia hapo.

Likiruhusiwa, panga mzigo vizuri. Tela lenye kilo 200 linatakiwa kukandamiza chuma cha gari kwa takriban kilo 20. Likizidisha, nyuma ya gari hulala, taa za mbele humulika juu na usukani huwa mwepesi. Likipungukiwa, tela huyumba ukiongeza mwendo.

Tela dogo kwa kawaida halina breki zake, hivyo gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Linahitaji taa za breki na indiketa zinazowaka pamoja na za gari. Pia husajiliwa na kupewa namba yake, kwa hiyo uliza TRA na kampuni yako ya bima kabla ya kununua. Kisha fikiria kurudi nalo nyuma katikati ya mikokoteni, bodaboda na wapita njia wa Mtaa wa Msimbazi.

Njia nafuu zaidi

Kwa timu nyingi za watoto, tela halihitajiki. Vitu vizito viwekwe chini kabisa ndani ya buti, vikigusa mgongo wa kiti cha nyuma. Vyepesi na virefu vikae kwenye keria ya juu, vifungwe kwa mikanda ya mizigo, na uzito usizidi unaoruhusiwa na kitabu cha gari.

Magoli na vyuma viombewe nafasi ya kuhifadhiwa uwanjani. Siku ya mashindano, wazazi wachange wakodi Kirikuu ya mizigo. Watoto wasipande juu ya mizigo hiyo, wala ndani ya tela, hata kwa safari ya dakika tano.

Kuna kipimo kimoja ambacho mzazi anaweza kukitumia kila Jumamosi kabla ya kuwasha gari: ahesabu mikanda kwanza, mipira baadaye. Kama kila mtoto ana kiti na mkanda wake na hakuna aliyepakata kitu, safari ianze. Kama bado, kinachoshuka ni mzigo.