Gitaa la Nyuzi 12: Utamu na Mzigo Wake

Magitaa makongwe ya nyuzi 12 yaliyotengenezwa Marekani katika miaka ya 1960 bado yanauzwa na kununuliwa, na matangazo yake hufanana: mwaka, kiwanda, aina ya mbao, na sifa ya sauti nzito. Ni nadra muuzaji kutaja jambo lenye uzito kuliko hayo yote, yaani hali ya shingo. Gitaa la aina hii hupata utamu wake kutokana na nguvu ileile inayolikunja mwaka hadi mwaka. Mnunuzi anayeielewa nguvu hiyo hatauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na utamu. Nyuzi hizo hupangwa jozi sita, na kidole kimoja hukandamiza jozi nzima. Jozi mbili nyembamba hutyuniwa sauti moja. Katika jozi nne nene, uzi mmoja hubaki na sauti yake ya kawaida, na mwenzake mwembamba hupandishwa oktavu moja. Uzi mnene wa E hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, mwenzake mara 165. Uzi mnene umezungushiwa waya, na mitetemo yake ya juu hufifia upesi. Uzi mwembamba huziba pengo hilo, na besi hutoka ikiwa nzito na yenye kung'aa kwa wakati mmoja.

Jozi zenye sauti moja zina siri nyingine, kwa kuwa hakuna mkono unaoweza kuzilinganisha kabisa. Uzi mmoja ukitetemeka mara 247 kwa sekunde na wa pili mara 248, sauti yao ya pamoja hupanda na kushuka mara moja kila sekunde. Mapigo hayo yakitokea katika jozi kadhaa kwa mwendo tofauti, sikio hudhani wapigaji ni wengi. Mwaka 1977 mwanafizikia Gabriel Weinreich wa Chuo Kikuu cha Michigan alichunguza nyuzi pacha za piano na kueleza jambo linalohusu chombo chochote chenye nyuzi za jozi. Nyuzi zikitetemeka pamoja, zote huvuta ubao upande mmoja, na nishati huisha haraka. Zikianza kupishana, mivuto yao hukaribia kufutana, na sauti iliyobaki huning'inia muda mrefu.

Sasa mzigo. Gitaa la kawaida la nyuzi sita za chuma hubeba mvuto wa kilo 70 hivi. La nyuzi 12, likityuniwa kwa sauti ileile, hubeba zaidi ya kilo 100, mchana na usiku, hata likiwa limelala ndani ya kasha. Ubao wa juu unaopokea mvuto huo kwa kawaida ni wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari, na una unene wa milimita tatu hivi. Sprusi hupendwa kwa kuwa ni mgumu ukilinganisha na wepesi wake. Hata hivyo, ubao wowote ukibebeshwa mzigo kwa miongo huachia polepole: tumbo huvimba nyuma ya daraja la nyuzi, shingo huinuka kuelekea mbele, na nyuzi hukaa juu mno kiasi cha kuumiza vidole.

Wapigaji wa zamani walijua dawa. Huddie Ledbetter, maarufu kama Lead Belly, mwimbaji wa Louisiana aliyefariki mwaka 1949, alipiga gitaa la nyuzi 12 la Stella lililotengenezwa na kampuni ya Oscar Schmidt ya Jersey City, na alilityuni chini sana ya kiwango cha kawaida. Hesabu inamuunga mkono. Mvuto wa uzi hufuata mraba wa idadi ya mitetemo, kwa hiyo kushusha sauti kwa toni moja tu hupunguza mzigo kwa takriban asilimia 20. Anayetaka kuimba kwa sauti ya kawaida hufunga kapo, yaani kibanio kinachokandamiza nyuzi zote, kwenye freti ya pili.

Mwaka 1963 wimbo wa "Walk Right In" wa kundi la Rooftop Singers, uliopigwa kwa magitaa ya nyuzi 12, ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka uliofuata kampuni ya magitaa ya Martin ilitoa gitaa la nyuzi 12 liitwalo D12-20. Magitaa ya kipindi hicho ndiyo yanayouzwa leo kwa jina la makongwe.

Bei yake mara nyingi hupandishwa na mbao za mgongo, hasa Dalbergia nigra ya Brazili, ndugu wa mpingo wetu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la magitaa sita ya muundo mmoja, yaliyotofautiana kwa mbao za mgongo na ubavu tu. Wapigaji 52 waliyajaribu bila kuziona mbao hizo, na tofauti walizosikia zilikuwa ndogo mno. Tena Dalbergia nigra inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa kiwango cha juu kabisa tangu 1992, hivyo kulivusha mpakani gitaa la mti huo kwa biashara kunahitaji vibali.

Kwa hiyo lipe jicho lako kazi kabla ya pochi. Weka rula ndefu juu ya freti kuelekea daraja: ncha yake ifike usawa wa juu wa mbao ya daraja, isigonge chini yake. Pima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12. Ikizidi milimita 3, na mfupa wa daraja, yaani kipande chembamba kinachobeba nyuzi, umeshachongwa hadi karibu kwisha, fundi atalazimika kulainisha gundi, kuichomoa shingo na kuipachika upya kwa pembe sahihi. Ingiza karatasi ukingoni mwa daraja; ikipenya, gundi imeanza kuachia. Gharama ya matengenezo hayo iondolewe kwenye bei, hata kama mti wa mgongo ni wa kifahari. Ukishalinunua, lityuni toni moja chini: utalipunguzia mzigo na kuliongezea miaka, na jozi zote sita zitaendelea kuimba vilevile.