Jinja na Mbale: Miji tunayoipita bila kushuka

KILA usiku mabasi yanayotoka Nairobi huvuka mpaka pale Busia au Malaba, na kunapopambazuka mengi yamekwisha kuupita mto Nile mjini Jinja. Abiria huwa wamelala. Mfanyabiashara anayekwenda Kikuubo, Kampala, kufuata mali anaweza kuuvuka mto huo mara hamsini kwa mwaka na asijue rangi ya maji yake. Nasi tuliorejea kutoka uhamishoni tuna ugonjwa wetu: tunawahadithia watoto habari za Mwanza na Arusha tulikokulia, lakini kuhusu Jinja na Mbale hatuna la kuwaambia zaidi ya kwamba tulipita huko.

Wengi wetu tumejiaminisha kuwa kutembelea maporomoko na milima ni kazi ya Wazungu wenye mikoba mgongoni. Sikubaliani nao. Mtu aliyeondoka nchini akiwa amebebwa mgongoni na mama yake ana sababu kubwa zaidi ya kuitembelea nchi hiyo kuliko kijana wa Ulaya aliyekuja likizo. Tena kwake ni rahisi zaidi, maana mbuga za taifa huwatoza raia wa Afrika Mashariki kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali, na huwatoza kwa shilingi. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Basi kitambulisho kiwe mfukoni, na usione haya kukitoa langoni. Nimewahi kuona ndugu zetu wakilipa bei ya mgeni wa mbali kwa sababu tu walianza kuzungumza Kiingereza cha puani.

Mto uliomeza maporomoko yake

Jinja iko kilomita 80 hivi mashariki ya Kampala, mahali ambapo maji ya Ziwa Victoria hutoka na kuanza safari ndefu kwenda bahari ya Mediterania. Vitabu nilivyosomea darasani Tanzania vilituambia kuwa John Hanning Speke "aligundua" chanzo cha Nile tarehe 28 Julai 1862. Nikiwa mwalimu nimelazimika kulifundisha somo hilo upya. Wasoga na Waganda walikuwa wakivua samaki hapo kizazi baada ya kizazi, na mto waliuita Kiyira. Speke mwenyewe aliandika kuwa wenyeji waliyaita maporomoko yale "mawe", na jina la Jinja linatokana na mawe hayo hayo. Yeye akayapachika jina la Ripon, bwana mkubwa mmoja wa Uingereza.

Usiyatafute maporomoko ya Ripon, maana hayapo. Yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale, kufunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Umeme wa bwawa hilo uliuzwa hadi Kenya, kwa hiyo msomaji wa Busia au Bungoma ambaye taa ya kwao iliwaka miaka ya 1960 huenda aliwakiwa na Nile bila kujua.

Ukifika kwenye bustani za chanzo cha mto, upande wa Jinja, utakuta boti za kukodi. Panda. Afadhali muwe wengi mgawane gharama, na mpatane bei kabla ya kukanyaga boti, si mkiwa katikati ya maji. Vaa jaketi la kuokolea maisha hata kama nahodha atacheka. Utaona mnandi wakikausha mabawa juu ya miti iliyokufa, utaona kenge, na utapelekwa mahali ambapo maji yanachemka kutoka chini. Waongoza boti hupenda kusema kuwa tone la maji huchukua miezi mitatu kufika Misri na bahari yake. Watoto hulipenda sana jambo hilo.

Katika bustani hiyo hiyo kuna sanamu ya Mahatma Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral. Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa katika mto huu mwaka 1948. Mnara wa Speke uko ng'ambo, upande wa Njeru. Mtu wa bodaboda atakuzungusha kwa barabara, au boti ikuvushe. Daraja jipya lenye nyaya ndefu, lililofunguliwa Oktoba 2018, linapendeza sana jioni, lakini uliza kwanza kabla ya kutoa simu kupiga picha, na karibu na bwawa usiitoe kabisa. Walinzi wa pale hawana mzaha.

Kuna jambo lingine kuhusu mto huu ambalo kila mgeni anapaswa kulijua, maana linabadili namna unavyoutazama. Maporomoko ya Bujagali, yaliyokuwa yakiwavuta watu kwa maelfu, nayo yalizama bwawa la Bujagali la megawati 250 lilipokamilika mwaka 2012. Wasoga waliyahesabu kuwa makao ya mzimu wa Budhagaali, na mabishano kuhusu nani ana mamlaka ya kuuhamisha mzimu huo yalichukua miaka. Kisha likaja bwawa la Isimba, la megawati 183, mwaka 2019, na mto ukatulia kwa kipande kingine kirefu. Kilichobaki ni Kalagala na Itanda, ambayo Serikali iliahidi Benki ya Dunia kuwa haitayagusa, kama fidia ya kupotea kwa Bujagali.

Mimi si mpinzani wa umeme. Nimesahihisha madaftari kwa kibatari na sitamani kurudi huko. Lakini nakushauri uende Itanda sasa, ukae juu ya mwamba usikilize. Ahadi za makaratasi tunazijua sisi tuliozaliwa katika nchi hii.

Wenye damu changa wanaweza kushuka mawimbi kwa boti la mpira, mchezo ulioanza hapa mwaka 1996 na ambao bado unaendelea katika sehemu za mto zilizosalia. Wapo pia wanaojirusha kutoka juu ya mnara wakiwa wamefungwa kamba ya kunepa miguuni, hadi usawa wa maji. Ukiniuliza mimi, nitakushikia viatu.

Majina juu ya maduka

Kitu ninachokipenda zaidi Jinja hakina kiingilio. Ni kutembea kwa miguu Main Street na barabara zinazoambatana nayo, ukiinua macho juu ya mabango ya maduka. Utaona majina ya Kihindi na miaka iliyochongwa kwenye saruji na familia zilizojenga nyumba hizo kabla ya Uhuru. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa watu hao siku 90 waondoke. Maduka yakagawiwa wengine, rangi ikabanduka, viwanda vikazorota. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua mlango wa kurejeshewa mali, na katika miaka ya 1990 wengi walirudi kudai nyumba zao, mara nyingi wakakuta kuna familia ndani imekwisha kuzaa na kuzika humo. Mashamba ya miwa ya Kakira, nje kidogo ya mji, yalirudi mikononi mwa akina Madhvani, na leo ukipita huko harufu ya molasi inaingia hadi ndani ya gari.

Nawapeleka wanafunzi wangu katika barabara hizo kila mwaka. Baadhi yao ni watoto wa watu waliorejea, na nyumbani wamesikia kesi za viwanja na za "mlikuwa wapi sisi tukiteseka?" Wakiona Mhindi naye ana kesi ya namna hiyo hiyo, hunyamaza kidogo. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa mwenye nyumba ni nani?" Nilimwambia aandike insha. Aliandika kurasa sita, na mpaka leo sijui ningempa jibu gani mwenyewe.

Kwa chakula, rolex ya barabarani, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, inatosha kwa asubuhi. Mchana tafuta ngege au sangara wa ziwani. Ukitokea Kampala, pale Najjembe ndani ya msitu wa Mabira, wauzaji watakimbilia dirisha la gari na kuku wa mishikaki na gonja ya kuchoma. Kula gonja ikiwa ya moto.

Mbale chini ya mwamba

Kutoka Jinja unapita Iganga, kisha unashika barabara ya Tirinyi kupitia mabwawa na mashamba ya mpunga hadi Mbale. Anayetokea Malaba yuko karibu zaidi: ni mwendo wa kilomita 60 hivi kupitia Tororo. Miji yote miwili, Jinja na Mbale, ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, ingawa mashimo ya barabarani hayakupata barua hiyo.

Mbale inakaa chini ya ukuta wa mwamba wa Wanale, na baada ya mvua utaona maji yakining'inia juu yake kama nyuzi nyeupe. Usisahau kuwa maji hayo hayo huua. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini na zaidi ya watu 20 walikufa. Wakati wa masika uliza wenyeji kabla ya kupanda, na usilale kwenye nyumba ya wageni iliyo bondeni eti kwa kuwa ni rahisi.

Sokoni Mbale ndipo Kiswahili chetu kinapopata pumzi. Huko kwingine tuliporudi tukazungumza Kiswahili tulitazamwa kama askari au wezi, maana ndio waliokisikia kutoka kwao. Mbale, yenye Wagisu, Wateso, Wasabiny, Wasomali na wachuuzi wa kutoka Bungoma, imekuwa ikikitumia kupatana bei bila kungoja mtu. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Muuza vitunguu wa Mbale hakuhitaji tangazo hilo.

Onja malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Panda kilima cha Nabugoye ukawaone Abayudaya, Wayahudi weusi ambao jumuiya yao ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, yule jemadari wa Kiganda aliyewapigania Waingereza kisha akakosana nao. Amin aliwakataza kuabudu, wao wakaendelea kwa siri. Jumamosi ni siku yao takatifu, kwa hiyo omba ruhusa kwanza na kamera ibaki mfukoni.

Kwenye mwaka usiogawanyika kwa mbili mji huwa tulivu. Kwenye mwaka unaogawanyika ni msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu, unaofunguliwa Agosti kwenye uwanja wa Mutoto. Ngoma ya kadodi hupita barabarani na umati nyuma yake, na hakuna mgeni asiyetikisa bega. Lakini nitasema wazi jambo ambalo vipeperushi vya utalii havisemi. Kumekuwa na taarifa, msimu baada ya msimu, za wanaume wa Kigisu kukamatwa na kutahiriwa kwa nguvu, na kijana aliyekulia ugenini yumo hatarini kuliko mwingine kwa sababu ukoo haujui kama alikwisha kufanyiwa. Mzazi uliyerejea, zungumza na baba wadogo na wajomba mapema, kabla ngoma hazijaanza. Kama kijana alitahiriwa hospitalini, wazee waambiwe. Wengi wao ni watu wa kusikiliza.

Sipi na kahawa

Kutoka Mbale gari hupanda hadi Sipi, wilaya ya Kapchorwa, kwa muda wa saa moja na ushei. Maporomoko ni matatu, na lile kubwa linashuka karibu mita 100 mbele ya ukuta wa mwamba. Njia huteleza, chukua kijana wa kukuongoza na mlipane vizuri. Waombe pia wakuonyeshe kahawa ya nyumbani: utaichuma, utaitwanga kwenye kinu, utaikaanga kwenye chungu na kuinywa, yote kwa asubuhi moja. Mfanyabiashara mwenye macho atauliza maswali mengine hapo, maana arabika ya Bugisu ina soko mbali sana, na bei anayopewa mkulima si ile utakayoisikia Mombasa.

Mlima Elgon wenyewe, wenye kilele cha Wagagai cha mita 4,321, unataka siku nne au tano, nguo nzito na askari wa mbuga. Vijana wa huku juu wamezoea hewa nyepesi. Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012 na Joshua Cheptegei aliyechukua dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024 ni wa milima hii. Mwenye siku moja tu ya ziada aende Nyero, karibu na mji wa Kumi, akaone duara nyekundu zilizochorwa juu ya miamba na watu ambao hakuna kabila linalodai kuwajua.

Anayerudi Kenya kutoka Sipi hana haja ya kushuka tena hadi Malaba. Barabara ya Kapchorwa hadi mpaka wa Suam sasa ni lami, na ng'ambo unaelekea Kitale. Kutoka Sipi kurudi Mbale, taksi hujaa upesi asubuhi. Jioni dereva hungoja abiria hadi kiza kiingie, nawe utakuwa unagombea kiti na magunia ya viazi.