Kipa wa Jumapili: Je, naye anahitaji kocha wake?

Jumapili mchana, ibada zikishamalizika, viwanja vya bustani za umma katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani hujaa wachezaji wanaoitana kwa Kiswahili. Wamo Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Warundi waliokulia katika kambi za Kigoma, Wasomali wa Kibantu waliotokea Dadaab na Kakuma, pamoja na Wakenya na Watanzania waliofuata masomo au kazi.

Jezi zipo, mpira upo, mwamuzi amekwishafika. Linabaki swali moja ambalo hakuna anayelijibu haraka: nani atakaa golini?

Mara nyingi anayekaa ni yule aliyechelewa kufika, au mwenye umri mkubwa kuliko wenzake, au yule ambaye goti lake haliwezi tena kukimbia dakika 90. Anapewa glovu za kuazima, anasimama kati ya milingoti miwili, na kuanzia hapo kila goli linalofungwa ni kosa lake.

Katika akademi za vijana za Marekani, kocha wa makipa ni jambo la kawaida na wazazi humlipia. Kwa mtu mzima anayecheza kandanda ya ridhaa, mwenye kazi ya zamu na watoto nyumbani, hali ni tofauti. Je, kumtafutia naye mwalimu wake kuna faida yoyote, au ni kupoteza muda na fedha?

Jibu ni kwamba faida ipo, ingawa si ile ambayo wengi huitarajia. Kocha hatamgeuza kuwa kipa wa kwenye televisheni anayeruka kutoka mlingoti hadi mlingoti. Atamfundisha kuanguka, kutazama, kusimama mahali panapofaa na kuongea.

Mikono inayolipa kodi ya nyumba

Tuanze na kuanguka, kwa sababu hapo ndipo penye hasara kubwa. Louisville ndiko iliko Worldport, kituo kikuu cha ndege za mizigo cha kampuni ya UPS, na Columbus nako kuna maghala mengi yanayofanya kazi usiku kucha. Kazi za huko ni za mikono: kubeba, kupanga na kusukuma. Kipa anayevunjika kidole Jumapili hawezi kuinua boksi Jumatatu.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani haiwalazimishi waajiri binafsi kuwalipa wafanyakazi siku wanazougua. Jimbo la New York, iliko Buffalo, lina sheria yake ya likizo ya ugonjwa ambayo wafanyakazi walianza kuitumia mwaka 2021. Majimbo ya Kentucky na Ohio hayana sheria ya namna hiyo. Kwa hiyo bega lililoteguka katika mechi ya kirafiki linaweza kuwa kodi ya nyumba isiyolipwa mwisho wa mwezi.

Mwaka 2021 jarida moja la Marekani la tiba ya michezo lilichapisha utafiti uliowahusisha makipa zaidi ya 700 wa timu za ridhaa. Kundi moja lilipewa mazoezi maalum ya kupasha mwili moto, yaliyobuniwa kwa ajili ya mabega, viwiko na viganja vya makipa. Kundi la pili liliendelea na mazoezi yake ya kawaida. Waliopata mazoezi maalum waliumia mabega na mikono mara chache zaidi, tena kwa tofauti iliyozidi nusu.

Kipa ambaye hakufundishwa huangukia kiwiko, goti au kiganja, na uzito wote hutua mahali pamoja. Aliyefundishwa hutua kwa ubavu, paja kwanza, kisha nyonga, kisha bega, mikono ikiwa mbele na mpira. Mafunzo yenyewe huanza kipa akiwa amepiga magoti, halafu akiwa amechuchumaa, na mwisho akiwa amesimama. Huko Buffalo somo hili lina uzito wa pekee. Theluji inayotoka upande wa Ziwa Erie hufunga viwanja vya nje, timu huingia ndani, na kwenye sakafu ngumu kosa la kuanguka huuma zaidi kuliko kwenye nyasi.

Macho kabla ya mikono

Hoja inayosikika sana ni kwamba kipa huzaliwa, hafundishwi, na kwamba wepesi wa mtu mzima ukishapotea haurudi. Hoja hii ina ukweli ndani yake, kwani kasi ya misuli hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Hata hivyo, kazi ya kipa haiishii kwenye wepesi.

Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Geert Savelsbergh wa Amsterdam walilinganisha makipa wazoefu na wale wageni, wote wakitazama penalti zilizorekodiwa kwenye video. Wazoefu walisubiri muda mrefu zaidi kabla ya kuamua, na macho yao yalielekea kwenye miguu ya mpigaji na kwenye mpira. Wageni walitazama zaidi kiwiliwili, mikono na nyonga.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2007 na wataalam wa Israel, ulichunguza penalti 286. Makipa waliruka kushoto au kulia katika takriban asilimia 94 ya mikwaju hiyo, ingawa zaidi ya robo ya mipira yote ilipigwa katikati. Wachache waliobaki katikati waliokoa sehemu kubwa zaidi ya mikwaju kuliko walioruka. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba kipa anayefungwa akiwa amesimama huonekana mzembe, lakini anayefungwa akiwa hewani huonekana amejitahidi.

Kila kipa wa Jumapili anaijua aibu hiyo. Si kwamba asimame tu kila mara, kwani wapigaji nao wangeizoea tabia hiyo upesi. Jambo la kushika ni kwamba kusubiri, na kujua pa kutazama, havitegemei misuli. Mtu wa miaka 40 anaweza kujifunza yote mawili.

Historia nayo inaonyesha kuwa nafasi hii huzeeka polepole. Brad Friedel, mzaliwa wa Ohio aliyedakia Columbus Crew kabla ya kwenda Liverpool mwaka 1997, alicheza mechi 310 mfululizo za Ligi Kuu ya Uingereza kati ya 2004 na 2012, na mfululizo huo ulipokatika alikuwa na miaka 41. Robert Kidiaba alikuwa ametimiza miaka 39 alipoisaidia Kongo kupata nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2015, kwa mikwaju ya penalti dhidi ya wenyeji Equatorial Guinea. Essam El-Hadary wa Misri aliokoa penalti katika Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45. Hao wote walikuwa na makocha kwa miaka mingi, na huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo ya wao kudumu.

Hesabu ya kamba

Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44 hadi kwenye mtambaa panya. Hakuna mtu anayeweza kuujaza mlango huo kwa mwili wake. Lakini kipa anaweza kuupunguza.

Chukua mshambuliaji aliye mita 12 mbele ya goli, katikati. Kipa akibaki kwenye mstari, ana mita 7.32 za kulinda. Akisogea mbele mita tatu, upana uliobaki kati ya njia mbili za mpira, ile ya mlingoti wa kushoto na ile ya mlingoti wa kulia, ni kama mita 5.5. Amepata karibu mita mbili bila kuruka. Gharama yake ni kwamba mpira unaweza kuinuliwa juu ya kichwa chake, na kujua ni lini asogee na ni lini arudi ndiyo kazi ya mwalimu.

Makocha wa makipa hulifundisha somo hili kwa kamba mbili. Moja hufungwa kwenye kila mlingoti, na ncha zake hukutanishwa pale ulipo mpira. Kipa husimama kati ya kamba hizo na kujionea mwenyewe jinsi nafasi inavyobana anaposogea. Ni somo la jioni moja, nalo hubadilisha mchezo wa mtu mzima kuliko miezi ya kurukaruka.

Lugha ya golini

Somo la mwisho ni la mdomo. Kipa ndiye pekee anayeuona uwanja wote, na katika timu yenye Mbembe, Mrundi, Msomali na Mmarekani, neno lisiloeleweka huzaa goli. Kocha mzuri huilazimisha timu ikubaliane maneno machache mafupi: "Wangu!" kipa anapotoka kuufuata mpira, "Ondoa!" beki anapotakiwa kuupiga mbali, "Mtu!" adui anapokuja nyuma yake. Maneno hayo yakishazoeleka, mabeki hawagongani tena na kipa wao kwenye krosi.

Sheria nazo zinabadilika. Tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake, hivyo ni lazima ajue kucheza kwa miguu. Tangu Julai 2025, kipa anayeushika mpira kwa zaidi ya sekunde nane huadhibiwa kwa kona. Kipa asiye na wa kumweleza hulijua hilo siku anapoadhibiwa.

Pale ambapo kocha hasaidii

Si kila anayejiita kocha wa makipa ana faida. Kupigiwa mashuti 50 mfululizo kutoka hatua tano si mafunzo ya kipa. Hayo ni mazoezi ya washambuliaji, na kipa ni chombo chao tu. Aidha, kipindi kimoja kisichofuatiwa na mazoezi husahaulika. Na kwa mtu anayelipwa kwa saa, kumlipa mwalimu binafsi kila wiki ni mzigo usio na sababu.

Njia nafuu ni timu kadhaa kuchangiana. Chama cha makocha cha United Soccer Coaches hutoa kozi za diploma za ukocha wa makipa. Mtu mmoja anayeaminika akichangiwa ada, akasoma, kisha akawakusanya makipa wa timu nne au tano mara mbili kwa mwezi, gharama kwa kila mmoja huwa ndogo. Mchezaji wa zamani aliyewahi kudakia timu ya daraja nyumbani naye ni hazina, mradi akubali kujifunza mbinu mpya za kulinda mwili.

Hayo si ya Marekani peke yake. Kipa wa mchangani Temeke, Kisumu au Uvira ana mabega yale yale na hofu ile ile, na kamba mbili zinapatikana kila mahali.

Timu zetu hununua jezi kila msimu na kugombana kuhusu nani avae namba 10. Kabla ya kumtupia mtu glovu za kuazima Jumapili ijayo, zingempa walau jioni moja ya kufundishwa jinsi ya kuanguka. Jumatatu anaingia kazini.